Ruta ya Nyumbani: Mawimbi Yasiyojua Mpaka

Ruta ni kituo kidogo cha redio. Hutuma na kupokea mawimbi, na kwa njia hiyo simu na kompyuta za nyumba nzima huunganishwa na intaneti bila waya. Wengi hudhani kwamba fundi akishaifunga na taa zikawaka, kazi imekwisha. Kumbe mawimbi ya redio hayatambui mpaka wa nyumba: hupungua pale yanapohitajiwa, na hufika pale yasipohitajiwa.

Mara nyingi ruta huachwa sakafuni nyuma ya televisheni, kwa kuwa waya umeingilia hapo. Ruta za kawaida hutumia masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 hivi, hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya gigahezi 5 hubeba habari kwa kasi kubwa zaidi lakini hudhoofika upesi. Ukuta wa zege lenye nondo huyafifisha yote mawili, mabati huyarudisha, na pipa la maji huyameza. Kwa hiyo chombo hiki hakina budi kuwekwa katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji.

Katika mitaa iliyosongamana kuna jambo jingine. Masafa ya gigahezi 2.4 yamegawanywa katika njia zinazopandiana. Zile zitumiwazo kwa kawaida bila kuingiliana ni ya 1, ya 6 na ya 11. Ajabu ni kwamba majirani wawili wakiwa katika njia moja hupata nafuu, maana ruta zao husikilizana na kupeana zamu. Mmoja akiwa katika njia ya 1 na mwenziwe katika ya 3, kila mmoja huwa kelele kwa mwingine.

Ama kuhusu usalama, wimbi lifikalo chumbani hufika pia barabarani. Kinachomzuia mpita njia kulielewa ni usimbaji. Mtindo wa kwanza, WEP wa mwaka 1997, ulivunjwa na wataalamu mwaka 2001, na haufai kutumiwa kabisa. Ufaao ni WPA3 wa mwaka 2018, au WPA2 ikiwa vyombo vya nyumbani ni vya zamani. Lakini katika WPA2 mtu aweza kunasa mawimbi simu inapojiunga, akaenda zake, kisha kompyuta yake ikabahatisha neno la siri mara mamilioni bila mwenye nyumba kujua. Ndiyo sababu urefu ni bora kuliko utata: maneno matano yasiyohusiana yashinda jina la mtoto lililofuatiwa na mwaka wa kuzaliwa.

Mwaka 2011 ilidhihirika kasoro katika WPS, njia ya kujiunga kwa namba ya tarakimu 8. Tarakimu hizo zingeweza kupangwa kwa namna milioni 100. Lakini ruta ilihakiki 4 za mwanzo peke yake, kisha zilizosalia. Na ya mwisho hutokana na zile 7 zilizotangulia. Basi mvamizi alibakiwa na majaribio 10,000 na mengine 1,000, yaani kazi ya saa chache tu. Njia hiyo na ifungwe.

Neno la siri la kuingilia mipango ya ruta yenyewe nalo hulibaki lile la kiwandani katika nyumba nyingi. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliziteka ruta na kamera kwa kujaribu orodha fupi ya maneno ya namna hiyo, ikazitumia kushambulia mitambo ya mbali. Wenye vyombo hawakuona dalili yoyote, ilhali shambulio lilitoka katika anwani zao. Kulibadili neno hilo huchukua dakika chache, na wakati huo huo yafaa kukagua kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya chombo. Ruta ambayo haitolewi tena programu mpya yapasa kubadilishwa, hata kama taa zake bado zinawaka.