Ijue Kaunti Yako: Mto Sabaki, Maji ya Mbali Katika Nchi Kavu

Mvua ikikosekana Magarini na Malindi msimu mzima, Mto Sabaki bado hupita. Na kuna siku ambazo mto huo hufurika ilhali anga la Garashi ni jeupe na hakuna hata tone lililoanguka. Mambo haya mawili yana sababu moja: maji mengi ya Sabaki hayatokani na mvua ya Kilifi. Katika somo la toleo hili tunaufuata mto huu kutoka unakoanzia hadi baharini, tuone unabeba nini, unamlisha nani, na mkazi wa kandokando yake anapaswa kujua nini ili aishi nao kwa usalama.

MTO MMOJA, MAJINA MATATU

Mto huu ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Urefu wake ni takriban kilomita 390. Huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, na huko huitwa Athi. Mito inayokatiza jijini humwaga maji yake humo, pamoja na taka zinazotupwa ndani yake. Baada ya kupita Kilimambogo, Athi hugeuka kuelekea kusini mashariki na kufuata ukingo wa Uwanda wa Yatta, ambao ni lava iliyoganda zamani ikaacha mwinuko wenye urefu wa karibu kilomita 300.

Ndani ya Tsavo, Athi hukutana na Mto Tsavo, na kuanzia hapo huitwa Galana. Mto Tsavo huletewa maji na chemchemi za Mzima. Mvua inyeshayo kwenye Vilima vya Chyulu hunyonywa na mawe ya volkano, ikasafiri chini ya ardhi, kisha ikatokea Mzima ikiwa maji safi. Chemchemi hizo husaidia Galana kuendelea kutiririka wakati wa kiangazi.

Galana hupita kwenye Maporomoko ya Lugard, ambako mto mpana hubanwa katika mianya myembamba ya mawe, kisha huiacha mbuga karibu na lango la Sala. Ukiingia kwetu, hupita maeneo ya Chakama, Baricho, Lango Baya na Jilore. Huku wengi wetu tunauita Sabaki. Safari yake huishia Bahari ya Hindi, kati ya Malindi na Mambrui.

WANYAMA WA NYIKANI

Sehemu kubwa ya Tsavo Mashariki hupata mvua isiyofika milimita 500 kwa mwaka. Katika nyika kama hiyo, mto ndio unaoamua nani ataishi. Kandokando yake huota mikoma na miti mirefu yenye kivuli, na hatua chache tu kutoka hapo ni vichaka vya miiba. Swala twiga hupata maji mengi kutoka kwa majani anayokula, hivyo anaweza kukaa mbali na mto. Tembo na nyati hawawezi. Kiangazi kikikaza, makundi yao husogea Galana.

Mamba na viboko hawatoki mtoni kwa muda mrefu. Maji yakipungua, hujazana katika vidimbwi vichache vilivyobaki. Vidimbwi hivyo ndivyo pia wakazi huchotea maji na kunyweshea mifugo, na hapo ndipo hatari inapoongezeka.

NDEGE WA MLANGO WA MTO

Mahali Sabaki unapoingia baharini pana matope, mikoko, vidimbwi na vilima vya mchanga. Eneo hili linatambuliwa kimataifa kuwa makao muhimu ya ndege. Kati ya Septemba na Aprili hufika maelfu ya ndege wa pwani wanaokimbia baridi ya kaskazini mwa Ulaya na Asia. Miezi ya katikati ya mwaka hufika ndege mwingine kutoka Madagaska, mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, ambaye huzaliana kwao kisha huja kupumzika kwetu. Kwenye nyasi za karibu huishi ndege mdogo wa kahawia ambaye jina lake la kisayansi, Anthus melindae, limetokana na mji wetu wa Malindi.

UDONGO: NEEMA NA MADHARA

Rangi ya hudhurungi ya Sabaki ni udongo uliobebwa kutoka mashamba na malisho ya juu. Udongo huo ndio umeyapa mabonde yetu rutuba ya mahindi, maembe na ndizi. Thamani ya ardhi hii si jambo jipya. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ya Waingereza ililazimisha Wagiriama kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, na amri hiyo ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya vita vya mwaka huo. Baada ya miaka michache watu walirudi.

Baharini, udongo huo una sura mbili. Wakati wa kusi, mikondo huupeleka kaskazini, kuelekea Ngomeni na Ghuba ya Ungwana, ambako virutubisho vya mito husaidia kulisha kamba ambao wavuvi wetu huwategemea. Wakati wa kaskazi, huteremka kusini hadi ufuo wa Malindi na Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968. Huko hufunika matumbawe na kuyanyima mwanga.

Wanasayansi waliochunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300 waliligundua jambo muhimu. Tumbawe hukua kwa matabaka, kama miti inavyoweka miviringo ya mwaka, na kila tabaka huhifadhi dalili za maji ya wakati wake. Dalili za udongo wa mtoni zilianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mashamba makubwa na ukataji wa miti vilipopanuka huko juu.

TANGI LILILO CHINI YA MCHANGA

Maji ya bomba ya Malindi, Kilifi na sehemu za Mombasa hutoka Baricho. Hayatekwi juu ya mto. Huvutwa kutoka visima vilivyochimbwa kando yake, katika tabaka nene la mchanga na changarawe. Mto hulijaza tabaka hilo, na mchanga huyachuja maji. Kwa hiyo mchanga wa Sabaki ni tangi na chujio kwa wakati mmoja. Anayeuchimba ovyo na kuupakia kwenye lori anagusa pia bomba la nyumbani kwake.

KUISHI NA MTO

1. Sikiliza mvua ya mbali. Mvua kubwa ikinyesha Nairobi, Machakos na Makueni, maji huchukua siku kadhaa kutufikia. Taarifa za Idara ya Hali ya Hewa kuhusu maeneo hayo zinakuhusu. Aprili na Mei 2018, Sabaki ulivunja kingo na kuhamisha familia nyingi. Hamisha mifugo na chakula mapema.

2. Acha ukingo upumue. Kanuni za maji zinataka hifadhi ya kati ya mita 6 na 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Miti na nyasi za hapo hushika udongo.

3. Chota maji mchana, mkiwa wengi. Mamba hukaa akivizia mahali panapozoeleka, hivyo badilisha mahali, au wekeni uzio wa miiba majini. Baada ya mafuriko, usidhani sehemu iliyokuwa salama bado ni salama.

4. Muachie kiboko njia. Hutoka kula usiku na kurudi alfajiri kwa njia ile ile. Usisimame kamwe kati yake na maji.

5. Toa taarifa. Mnyama akimjeruhi mtu au kuharibu mazao, mjulishe chifu na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) bila kuchelewa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inampa mwathiriwa haki ya kuomba fidia kupitia kamati ya kaunti, na taarifa ya mapema husaidia ombi hilo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU SHULENI

Kwa nini Sabaki unaweza kufurika bila mvua kunyesha kwetu? Ni katika msimu upi wa upepo ambapo maji ya ufuo wa Malindi hugeuka hudhurungi, na kwa nini? Kijijini kwenu, nani huwa wa kwanza kupata habari za mvua ya juu, na humfikia vipi mzee anayelima bondeni asiye na simu? Kama swali hili la mwisho halina jibu, lipelekeni kwenye baraza lijalo la chifu, kabla ya mvua za masika.