Nyumba ya Katoni Kabla ya Nyumba ya Mawe

Anayenunua ploti Kianyaga hununua na mteremko wake. Ramani ya nyumba hulala bapa mezani. Udongo wetu mwekundu haulali hivyo. Ndiyo maana kijitabu hiki kinaanza na shamba, si kuta.

Ili uuone mteremko huo kabla ya kujenga, tengeneza modeli ya ploti na nyumba. Omba katoni dukani. (Wenye watoto katika mtaala wa umilisi mnazijua: huitishwa usiku, na kazi inatakiwa asubuhi.) Tumia skeli ya 1:100, yaani sentimita 1 mezani ni mita 1 shambani. Ploti ya futi 50 kwa 100 itakuwa kama sentimita 15 kwa 30; hicho ndicho kitako cha modeli.

Sasa mteremko. Ikiwa katoni yako ina unene wa milimita 3, kila tabaka ni sentimita 30 za kupanda. Fundi akipima kwa mpira wa maji na kukuta upande wa juu umeupita wa chini kwa mita 3, bandika tabaka 10 juu ya kitako, kila moja fupi kuliko iliyo chini yake. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Laza mawe juu usiku kucha, la sivyo katoni itajikunja. Kisha ziba ngazi hizo kwa gazeti lililolowekwa, mteremko uwe laini.

Kuta hukatwa kwa wembe na rula ya chuma. Kwa paa, lowanisha katoni ubandue karatasi ya juu: mawimbi yanayobaki ni mabati tosha. Kata kijiti cha kiberiti sentimita 1.7, ukisimamishe mlangoni. Huyo ni mtu mzima. Bila yeye, kila sebule huonekana kubwa.

Weka nyumba juu ya mteremko uchungulie chini ya ukuta wa mbele. Pengo unaloliona ndilo msingi utakaokula mawe. Geuza nyumba, upande mrefu ukingame mteremko badala ya kushuka nao, pengo litapungua. Halafu mwaga punje za ndengu kutoka juu. Zinapokwama ukutani ndipo maji ya masika yatakapogonga. Mtaro uanzie hapo.

Modeli haichukui nafasi ya kibali cha kaunti. Mpelekee msanifu majengo aliyesajiliwa kabla hajachora, na ubebe wembe, kwani huenda akataka kusogeza ukuta.