WANAMIZINGA WALIOZAMA BAHARINI

Hapa kwetu Burnt Forest ukitaja mzinga, mtu hufikiria nyuki. Lakini mzinga ni bunduki kubwa pia, na askari anayeupiga huitwa mwanamizinga. Leo tujifunze habari za wanamizinga wa Afrika Mashariki waliopotelea baharini katika Vita Vikuu vya Pili.

Mapema Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, Ceylon (sasa Sri Lanka). Ilibeba watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo pia wauguzi wa kike. Meli hiyo ilikwenda katika msafara, ikilindwa na manowari, yaani meli za vita.

Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliwashambulia. Nyambizi ni chombo kiendacho chini ya maji. Makombora mawili yaliigonga Khedive Ismail, na haikuchukua hata dakika 3 ikazama! Wengi walikuwa chini wakitazama tamasha, basi hawakupata nafasi ya kutoka. Walikufa watu 1,297.

Manowari Petard na Paladin ziliisaka nyambizi hiyo. Kumbe ilikuwa imejificha chini ya walionusurika! Mabomu yakatupwa majini hapo hapo walipokuwa wakielea, ili meli nyingine zisishambuliwe. Mwishowe I-27 ikazamishwa. Kama ungekuwa nahodha, ungefanyaje? Mimi nimewaza sana na bado sijapata jibu.

Wenzangu darasani husema vita vile vilikuwa vya wazungu, havituhusu. Waama, vinatuhusu. Baba yake babu yangu alienda vita hivyo hivyo, babu akiwa mtoto wa mgongoni, na hakurudi. Nilipomsomea babu makala haya aliniuliza, "Sasa hao wa meli, kaburi lao liko wapi?" Nikamjibu kuwa kaburi ni bahari, ila majina yao yamechongwa kwenye makaburi ya vita, Nairobi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku moja tuende. Huenda na baba yuko hapo."

Babu hajui kusoma. Nitamsomea mimi, jina kwa jina.

Nawe msomaji, kwenu ni nani hakurudi? Waulize wazee mapema, maana wanazidi kupungua.