Kampuni Iliyokodishiwa Mrima: Habari ya Pangani, 1888

Katika shule kubwa za biashara, kama ile ya Harvard huko Marekani iliyoanzishwa mwaka 1908, mwalimu haanzi somo kwa kuwapa wanafunzi amri za kukariri. Huwapa habari ya kampuni fulani: mkubwa wake aliamua nini, watu walisemaje, mwisho wake ulikuwaje. Kisha huwauliza, "Kama ungalikuwa mahali pake, ungalifanyaje?" Twaona njia hii yafaa madarasa yetu pia, hasa kwa wale waliokabidhiwa fedha au watu. Wala hatuna haja ya kuagiza habari ng'ambo, kwa maana iko moja mlangoni petu, Pangani.

Kampuni yenyewe ni ile ya Wadachi ya Afrika ya Mashariki, iliyotokana na safari na mikataba ya Carl Peters. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Unguja aliikodisha utawala wa Mrima, tangu mto Umba mpaka Ruvuma, kwa muda wa miaka 50. Ilipewa ruhusa ya kutoza ushuru bandarini na kuamua mambo ya miji, lakini kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Maneno hayo ya mwisho msomaji ayashike sana.

Agosti 16, 1888, mawakili wa kampuni wakaanza kazi. Pangani alikuwapo Emil von Zelewski. Mji huu ulikuwa na sukari yake, na misafara yake ya bara, na wakubwa wake waliozoea kuheshimiwa. Zelewski alitaka bendera ya kampuni itwekwe. Liwali akakataa, kwa kuwa hakupata amri hiyo kwa bwana wake. Tungalidhani wakili angaliandika barua Unguja, akangoja siku chache. Jahazi haikawii kuvuka. Hakufanya hivyo. Aliita askari wa manowari, wakashuka mjini kwa nguvu. Wenyeji walisimulia kwamba Wadachi waliingia msikitini na viatu na mbwa, tena katika siku za Idi ya kuchinja. Sisi tulio na nyumba zetu za sala tutaujua uchungu huo bila kuelezwa.

Tena kampuni ilitaka wenye mashamba waonyeshe hati za ardhi yao na kuziandikisha. Babu wa mtu alilima minazi ile, majirani wote ni mashahidi, naye leo aulizwa karatasi! Hapo ndipo mwenye shamba na mchukuzi wa misafara, ambao kwa kawaida hawakupatana, walipoona wana adui mmoja.

Mwezi wa Septemba mambo yakaharibika. Zelewski na wenzake walizuiliwa nyumbani mwao na watu wenye silaha, hata akaja Jemadari Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza askari wa Sultani, akawatoa na kuwapeleka Unguja. Tanga mashua ya manowari ilipigwa risasi, na manowari ikaujibu mji kwa mizinga. Kilwa wakili wawili wa kampuni waliuawa. Katika muda wa majuma machache kampuni ikabaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Wapiganaji wa Pangani walimfuata Bushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa. Hatusemi kwamba walikuwa watu wasio na lawama. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, na watumwa hao hakuna aliyewauliza shauri, si kampuni wala mabwana zao. Habari ya vita hivyo kwa upande wa wenyeji ilitungwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy katika Utenzi wa Vita vya Wadachi.

Kampuni haikuweza kuzima moto iliouwasha. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann na askari wa kukodiwa. Mwezi wa Julai akaitwaa Pangani na Tanga, na Desemba 15 Bushiri akanyongwa Pangani. Tangu Januari 1, 1891, serikali yenyewe ikashika utawala wa pwani. Miaka 50 ya mkataba haikufika hata mitatu.

Sasa twaja kwenye swali gumu. Wengi husema kosa ni la Zelewski, mtu mkali, basi. Sisi twaona jibu hilo ni jepesi mno. Ni nani aliyempeleka mtu wa namna ile katika mji wa namna ile? Kampuni ilikuwa na mkuu wake Unguja, na wakubwa wengine Berlin waliotazama faida. Mkataba ulikuwa sahihi, muhuri ulikuwapo. Wakadhani mwenye karatasi amekwisha kupata na watu.

Kampuni yenyewe haikufa. Ilibaki na biashara na mashamba yake, na mwaka 1893 mtaalamu wake Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mkonge wa Tanga ulianzia hapo. Zelewski naye hakushushwa. Alipewa kuongoza jeshi la serikali, akaenda kupigana na Wahehe, akauawa Lugalo pamoja na askari wake wengi, Agosti 17, 1891, yaani miaka mitatu na siku moja baada ya kampuni kuanza kazi Pangani.

Makatekista watakaoisoma habari hii darasani na wawagawe wasomaji makundi matatu: wa kwanza wawe mahali pa liwali, wa pili mahali pa Zelewski, wa tatu mahali pa mkuu wa Unguja, siku ile habari ya kwanza ya bendera ilipomfikia. Kundi la tatu lipewe muda mrefu zaidi.