Somo la Kireno: Upatanisho wa Nyakati katika Vishazi Tegemezi

Tunaendelea na somo letu kwa ajili ya wale watakaotumwa Msumbiji, na kwa ninyi wa kusini mnaovuka Ruvuma kwa biashara au kuwatembelea ndugu. Leo tutazame jambo linalotusumbua sana sisi tunaofikiri kwa Kiswahili: jinsi kitenzi cha kishazi tegemezi kinavyofuata wakati wa kitenzi kikuu.

Tunasema "Padri anataka wanakwaya waje" na "Padri alitaka wanakwaya waje." Kitenzi cha kwanza kimehamia wakati uliopita, lakini "waje" halikutikisika. Kireno hakikubali hivyo. "O padre quer que o coro venha," lakini "O padre queria que o coro viesse." Anayesema "queria que o coro venha" ameongea Kiswahili kilichovaa kanzu ya Kireno. Mafrateri mliopitia Kilatini mtaitambua sheria hii: ni ile consecutio temporum. Na kama tendo la kishazi tegemezi limekwisha kutendeka, tunasema "Espero que o padre tenha chegado" (natumaini padri amefika), na "Esperava que o padre tivesse chegado" (nilitumaini padri alikuwa amefika).

Maumbo haya hayahitaji kukaririwa moja moja. Chukueni nafsi ya tatu wingi ya wakati uliopita: vieram (walikuja), tiveram (walikuwa na), fizeram (walifanya). Ondoeni -ram, wekeni -sse: viesse, tivesse, fizesse. Mkiondoa -am peke yake mnapata umbo la wakati ujao: vier, tiver, fizer. Ufunguo mmoja unafungua milango miwili.

Sasa sharti, na hapa tukae kidogo. Padri ameitwa usiku kwa mgonjwa, kijiji kiko mbali, mvua imeharibu barabara. Anaipigia familia simu. Akisema "Se eu chegar a tempo, darei a unção," amesema: nikifika mapema nitatoa Mpako. Yuko njiani, familia isubiri. Akisema "Se eu chegasse a tempo, daria a unção," amesema: ningefika mapema ningetoa Mpako. Familia itaelewa kwamba hatarajii kufika, na pengine itaacha kumngoja. "Se eu tivesse chegado a tempo, teria dado a unção" ni ya kusemwa msibani: ningalifika, ningalitoa. Tofauti ya chegar na chegasse ni herufi chache, lakini kwa walioketi kando ya kitanda si ndogo.

Kumbukeni kwamba -ki-, -nge- na -ngali- zetu zinatuongoza vizuri kuchagua ngazi. Zinapotupotosha ni katika umbo. Sisi twarudia -nge- pande zote mbili, basi mwanafunzi huandika "Se eu chegaria, daria." Hapana. Baada ya se ya sharti, umbo la -ria haliingii. Linakaa upande wa pili tu. (Se ya kuuliza ni nyingine: "Perguntou se eu viria," aliuliza kama ningekuja, ni sahihi kabisa.)

Quando nayo ina mtego wake. "Quando o bispo vem, cantamos" ni desturi: kila askofu anapokuja, tunaimba. Askofu atakapokuja, tutaimba, ni "Quando o bispo vier, cantaremos." -takapo- yetu inatushawishi kusema "quando o bispo virá," nalo ni kosa. Tena msichanganye vier (kuja) na vir, ambalo hapa linatokana na ver, kuona: "quando vires o bispo," utakapomwona askofu. Hata waliozaliwa na Kireno huteleza hapo wakasema "quando eu ver."

Je, wakati uliopita daima hudai wakati uliopita? Si daima. "O bispo pediu que rezássemos pela paz" inasimulia alichoomba askofu. "O bispo pediu que rezemos pela paz" inasema pia kwamba ombi bado liko mikononi mwetu. Katika Jimbo la Pemba (hii ni Pemba ya Cabo Delgado, si kisiwa chetu), ambako mapigano yamewahamisha watu wengi tangu 2017, msomaji wa matangazo ana sababu ya kuchagua rezemos. Lakini kwa pedia au queria, uhuru huo msiutumie: "pedia que rezássemos."

Kabla ya somo lijalo, andikeni kwa Kireno: "Katekista alitaka watoto wafike mapema", "Mvua ikinyesha, tutasali ndani", "Tungekuwa na vitabu, tungesoma."