Klova kwa Ng'ombe na kwa Bustani: Ipi Ipandwe Wapi



Somo letu safari hii ni klova. Wengine wakisikia jina hili hudhani ni karafuu. Sivyo. Karafuu ni mti wa Unguja na Pemba. Klova ni mmea mdogo wa jamii ya maharage, wenye majani matatu-matatu.

Kwa nini bulletini ya chama iandike habari za majani? Kwa sababu mshahara hauishii kwenye karatasi ya malipo. Tangu mpango wa Girinka uanze mwaka 2006, familia nyingi zisizo na uwezo zimepata ng'ombe, lakini shamba halikuongezeka. Ng'ombe hukaa zizini akila urubingo tu. Urubingo ukikomaa unajaza tumbo bila kuleta maziwa, na mfanyakazi anatoa fedha yake kununua pumba. Klova ina protini nyingi, tena mizizi yake, ikisaidiwa na bakteria, hujipatia naitrojeni kutoka hewani.

Basi ipi? Wafanyakazi wa chai wa Shagasha, na wote wanaokaa milimani kuelekea Nyungwe, wapande klova ya Kenya (Trifolium semipilosum). Hii ni ya nyanda zetu za juu, ina mzizi mrefu, inavumilia kiangazi kuliko klova nyeupe ya Ulaya, nayo inapatana na majani ya kikuyu. Klova nyekundu husimama wima na ni nzuri ya kukata, lakini baada ya miaka miwili au mitatu huisha. Ndugu wa Bugarama, ninyi msipoteze fedha: huko bondeni joto ni kali mno kwa klova. Pandeni desmodiamu pembezoni mwa shamba.

Shida kubwa ni udongo. Chai hupenda udongo mchachu, klova haupendi. Bahati nzuri chokaa iko kwetu, Mashyuza. Imwagwe na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Tuelewane: ni chokaa ya shamba, si saruji! Na ile iliyochomwa inaunguza ngozi na macho. Usiishike kwa mikono mitupu.

Pandeni mvua za Septemba zikishatulia. Mbegu ni ndogo sana. Kwa kipande cha mita 10 kwa 10, vijiko viwili au vitatu vya chakula vinatosha. Changanya na mchanga mkavu ili mkono usimwage mahali pamoja. Mbegu isizidi sentimeta moja chini. Ikizama zaidi haitoki. Kanyaga kidogo kwa miguu, basi.

Klova ya Kenya inataka bakteria wake mwenyewe, wale wa klova ya Ulaya hawaisaidii. Kama dawa ya bakteria hao haipatikani, chukua udongo mahali klova hiyo imeota yenyewe, uchanganye katika shamba lako. Baada ya miezi miwili ng'oa mche mmoja, pasua vinundu vya mizizini. Vikiwa na rangi ya waridi ndani, kazi inaendelea. Vikiwa vyeupe au kijani, bado.

Sasa jambo la hatari. Ng'ombe mwenye njaa akipewa klova mbichi yenye umande, tumbo hujaa gesi, ubavu wa kushoto unavimba, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mpe urubingo kwanza, na klova isizidi theluthi ya chakula. Akivimba, asilale, msimamishe, na daktari wa mifugo aitwe mara moja. Desmodiamu haina ubaya huo.

Kwa wanaotunza bustani za ofisi na nyumba za wageni, klova nyeupe ni nafuu ya kazi: haihitaji mbolea ya naitrojeni, na ikikatwa kwa urefu wa sentimeta 5 hadi 7 hubaki kijani. Ila maua yake huita nyuki, isipandwe watoto wanapocheza miguu mitupu.

Majani yanayokatwa katika bustani hizo mara nyingi hutupwa. Wajumbe waombe yagawiwe wafanyakazi wenye ng'ombe, na makubaliano yaandikwe. Kabla ya kubeba fungu la kwanza, mwulizeni msimamizi kama mahali hapo pamepigwa dawa ya kuua magugu, ni dawa gani, na lini.