TUMBO LA MWENZIO LIKIKAZA USIKU: LINI KUNGOJA, LINI KUONDOKA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Somo la Ijumaa hii si la twahara wala la mirathi. Ni somo la usiku. Mke anaamka ameshika tumbo, au mume anajikunja mkekani, na mwenzake anakaa gizani na taa ya telefoni akijiuliza: je, hii ni gesi tu, ni minyoo, ni chakula cha jana, au ni jambo la kumtoa mtu nyumbani sasa hivi? Moto ni pesa, njia ya usiku ina hofu yake, na asubuhi haiko mbali. Wengi husema tungoje kuche. Mara nyingi kunakucha salama. Lakini yako matumbo ambayo hayangoji kuche, na hayo ndiyo tunayotaka kuyajua leo.

Tuanze na Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badr, bibi yake Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa sana. Mtume alimwamuru Uthman abaki amuuguze, akamhesabia ujira na fungu la ngawira sawa na waliohudhuria vita. Ruqayya alifariki katika ugonjwa ule. Waislamu siku ile walikuwa kiasi cha mia tatu na kidogo, kila mkono ulihitajika, na bado mkono mmoja wenye nguvu uliachwa kando ya kitanda cha mke. Basi anayesema "nina kazi ya mpunga leo, nitamwangalia jioni" ajipime mwenyewe.

ASALI SI YA KILA TUMBO

Wapo watakaosema: lakini Mtume (s.a.w.) aliletewa habari ya mtu anayeumwa tumbo, akaamuru apewe asali, na akaamuru tena na tena mpaka yule mtu akapona. Kweli, habari hiyo iko katika Bukhari na Muslim. Ila wanavyuoni waliitazama na kueleza kwamba tumbo la mtu yule lilikuwa limefunguka, yaani anaharisha. Mwanamke anayetoka damu ndani ya tumbo hafanani naye. Ni kama mtu aliyesikia kwamba maji huzima moto, akayamwaga juu ya mafuta yanayowaka. Mwenye kuipenda Sunna na aanze kwa kuuliza ni ugonjwa gani.

MKE MWENYE UMRI WA KUZAA

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu hupotea zaidi. Mwanamke yeyote anayeweza kushika mimba, akipata maumivu makali ya chini ya tumbo, swali la kwanza ni hedhi. Mama Fulani, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Imechelewa? Umeona matone ya damu yasiyo ya kawaida? Mume asione haya kuuliza, na mke asione haya kujibu. Hakuna mwingine chumbani.

Sababu ni hii. Mara nyingine mimba hutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi ndani ya mrija mwembamba ule unaopitisha yai. Mrija hauwezi kutanuka kama mfuko. Kiasi cha wiki ya 6 hadi ya 8, mara nyingine baadaye kidogo, unaweza kupasuka. Wakati huo wengi hawajajua hata kwamba wana mimba, na mama mkwe hajaambiwa kitu. Damu inayoonekana nje ni kidogo, nyingine yote inamwagika ndani ya tumbo ambako hakuna anayeiona. Mgonjwa anasikia maumivu makali, mara nyingi upande mmoja, anatoka jasho baridi, anaona giza akisimama, anazimia. Na kuna dalili ya ajabu kidogo: anaweza kulalamika bega linauma, juu kabisa penye ncha, ingawa hakubeba mzigo. Ni damu iliyopanda mpaka chini ya mapafu na kugusa mishipa ya fahamu inayopeleka habari begani. Mke mwenye tumbo, bega na kizunguzungu kwa pamoja haendi farmasi. Anakwenda mahali penye kupasua, saa hiyo hiyo. Hata akiwa anatumia dawa ya kupanga uzazi, msiseme haiwezekani.

Mimba ikiwa kubwa, tumbo hukaza na kuachia, na hayo ni mambo ya kawaida ya uchungu. Linalotisha ni tumbo lililokaza kama ubao na halilegei, hata kama hakuna damu, maana kondo la nyuma laweza kuwa limeachana na mfuko kabla ya wakati. Linatisha pia tumbo linalouma juu, chini ya mbavu za kulia, pamoja na kichwa kugonga na macho kuona ukungu: huo ni msukumo wa damu wa mimba, na kinachofuata chaweza kuwa degedege la uzazi. Na mwanamke aliye katika uchungu wa muda mrefu, hasa aliyepasuliwa katika uzazi uliopita, uchungu wake ukikatika ghafla na tumbo likabadilika umbo, msishangilie kwamba amepumzika. Mfuko waweza kuwa umepasuka.

MUME NAYE

Wanaume wa kwetu wanajua kuvumilia kuliko kueleza. Anayebeba magunia na kuvuta nyavu anaweza kuwa na ngiri kwa miaka: uvimbe wa kinenani unaotoka akiinua mzigo na kurudi akilala. Siku uvimbe ule unapokataa kurudi, ukawa mgumu, ukauma, na yeye anatapika, utumbo umebanwa na unakosa damu. Ni jambo la saa chache, na kuukandamiza kwa nguvu urudi kunaweza kuuharibu. Kijana aliyeshikwa ghafla na maumivu ya chini ya tumbo, aulizwe pia kuhusu korodani. Anaweza kuwa na korodani iliyojisokota, akaona aibu kuisema, na baada ya kiasi cha saa 6 uwezekano wa kuiokoa unapungua sana. Na baba mtu mzima anayesema panauma juu ya kitovu huku jasho linamtoka na pumzi inakata, laweza kuwa si tumbo kabisa bali moyo.

KWA WOTE WAWILI

Kidole tumbo huanza kwa hila. Maumivu yanazunguka kitovu, mgonjwa hataki chakula, anatapika kidogo, kisha baada ya saa kadhaa maumivu yanashuka chini upande wa kulia na kukaa hapo. Akikohoa panachoma. Akipandishwa kwenye moto, kila shimo la barabara anaguna. Kisha pengine maumivu yanapungua ghafla na nyumba nzima inasema alhamdulillah, kumbe kidole kimepasuka na usaha umemwagika. Baada ya muda tumbo lote linakaza na homa inapanda.

Tifoide tunaijua, maana maji yetu si salama kila mahali. Mtu mwenye homa ya wiki mbili au tatu ambaye ghafla anashikwa na maumivu makali, tumbo likakaza, huenda utumbo umetoboka. Vidonge peke yake havitoshi tena. Anayevimba tumbo, hapati choo wala hatoi upepo, anatapika maji ya kijani, utumbo wake umefunga au umejisokota. Anayetapika damu, au kupata choo cheusi kinachonata kama lami, anavuja ndani, na wengi wa hao walikuwa wakimeza vidonge vya mgongo na viungo bila chakula.

Kipindupindu nacho kiko kwetu, na Uvira ni miongoni mwa miji ambayo hakiihami. Kwa sababu hiyo watu huita kila tumbo kwa jina hilo. Lakini kipindupindu kwa kawaida huja na maji mengi meupe kama ya kuoshea mchele, na maumivu makali si dalili yake kuu. Huyo anyweshwe maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa, au ile poda ya pakiti, tangu nyumbani na njiani pia, na apelekwe haraka.

Na usipojua ni ipi kati ya hizi? Hutakiwi kujua, hiyo ni kazi ya daktari. Mpasuaji Mwingereza Zachary Cope, katika kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1921, aliwafundisha madaktari kwamba mtu aliyekuwa mzima, akashikwa na maumivu makali ya tumbo yakadumu saa 6, mara nyingi ana jambo la kupasuliwa. Kipimo hicho nasi kinatufaa, kwa sharti moja: saa 6 ni za yule asiye na dalili nyingine. Mwenye kuzimia, tumbo gumu, damu, mimba au ngiri iliyokwama hapewi hata saa moja.

Tukingoja gari au moto, asile wala asinywe, isipokuwa yule wa kuharisha. Tumbo lisikandwe. Asiingiziwe maji ya miti shamba kwa njia ya nyuma, maana utumbo uliobanwa au uliotoboka hauvumilii hayo. Asipewe dawa ya kuharisha. Dawa ya kutuliza maumivu ikimpunguzia, safari iendelee.

NJIA NA PESA

Sisi wa bonde la Ruzizi tunaijua hospitali ya Lemera, kule juu milimani. Daktari Denis Mukwege alianza kazi pale mwaka 1983 akiwa na nia ya kutibu watoto. Aliona wanawake wakibebwa kutoka mbali, wengine wakifika wamekwisha, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi Lemera mwaka 1989. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Baadaye alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Tunalotaka katika habari hii ni lile la mwanzo: daktari alikuwepo, kisu kilikuwepo, na mgonjwa alikuwa bado njiani.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ya pili na ya tatu hatuzimiliki sana. Mvua ikinyesha barabara inaharibika, na zipo siku ambazo risasi ndizo zinazoamua nani apite. Ya kwanza iko mikononi mwetu. Tena mwenye kuamua mapema ndiye anayepata nafasi ya kutafuta njia nyingine.

Kwa hiyo namba ya mwenye moto anayekubali kutoka usiku iwe kwenye telefoni ya mke na ya mume. Vijana wa mtaa wajue kipoyi kiko wapi. Wenye likelemba wakubaliane kwamba akipatwa mmoja usiku, zamu yake inaletwa mbele. Waondoke na watu wawili wazima walio tayari kutoa damu, kwa sababu hospitalini damu hutakiwa mara nyingi kabla ya kisu. Na mkifika kituo cha afya, mwombeni mwuguzi atundike serumu na aandike karatasi ya kumtuma mgonjwa mbele, kisha mwulizeni wazi: hapa panapasuliwa? Kama hapana, msilale hapo.

Idhini nayo itolewe leo. Mume aliye safarini, ziwani au machimboni amwambie bibi yake, na wazee wasikie: ukiumwa, ondoka, usingoje simu yangu. Suala la daktari mwanamume lisiwe kizuizi pia. Akikosekana mwanamke mwenye ujuzi, dharura huruhusu atazamwe kwa kadiri ya haja, kama Rubayyi binti Mu'awwidh (r.a.) na wenzake walivyowahudumia wanaume majeruhi vitani. Na imepokewa kwamba anayekufa kwa maradhi ya tumbo, na mwanamke anayekufa na mimba yake, wana daraja ya shahidi. Hiyo ni faraja ya waliofiwa. Haikutolewa iwe ruhusa ya kumwacha mtu alale mpaka asubuhi.

Mtu aliuliza: likitokea mchana wa Ijumaa, khutba imekaribia? Imepokewa katika Bukhari kwamba Ibn Umar (r.a.) aliambiwa siku ya Ijumaa kuwa Said bin Zayd ni mgonjwa. Jua lilikuwa limeshapanda na swala imekaribia. Alipanda mnyama wake akaenda kwake, na Ijumaa akaiacha. Anayemuuguza mtu anayehofiwa maisha yake ataswali Adhuhuri rakaa nne, hata kama ni kwenye ua wa hospitali.